Mzee Levi na Mlango wa Wakatoliki

Benchi letu liko nje ya baa ya Povu, kijijini Prarossa, kwenye ukuta unaopata jua la asubuhi. Ukikaa hapo, kushoto unaona hekalu letu sisi Wavaldo, Waprotestanti wa mabonde haya ya Italia. Kulia unaona kanisa la Wakatoliki, ambao mababu zao waliwafukuza wa kwetu mpaka mapangoni. Siku hizi makanisa hayo yanaombeana na kuimba pamoja, nami najivunia kanisa langu kwa hilo, maana kumwamini mtu aliyekuwa akikuwinda si mchezo. Ila mzee Levi tunamwita Kizingiti. Kwa miaka hamsini amewazika majirani zake Wakatoliki akiwa amesimama nje ya mlango, hata theluji ikianguka, na hajawahi kutia mguu ndani. Na Jumamosi hii mjukuu wake Noemi, aliyemlea tangu baba yake afariki, anaolewa humo humo na kijana Mkatoliki. Anataka babu ampeleke mpaka altareni. Leo ni Alhamisi, na babu bado hajajibu.

Aliyemchokoza ni Breki, dereva wa basi mstaafu, Mkatoliki pekee wa benchi.

— Kizingiti, suti umeshaipiga pasi?

— Suti iko tayari. Miguu ndiyo haitaki.

— Haitaki, au wewe ndiye hutaki?

— Breki, usinianze asubuhi yote hii.

Akadakia Sinodi, mwalimu mstaafu, asiyekosa mkutano mkuu wa kanisa letu kila Agosti.

— Mzee Levi, hebu nisikilize. Mambo haya hayakuja kwa pupa. Kwanza tulianza kuamkiana. Halafu kila Januari tukawa tunasali pamoja. Halafu likaja lile patano la ndoa za mseto, kwamba kila mmoja abaki na kanisa lake. Papa alipoingia hekaluni kwetu mjini Torino akaomba msamaha kwa mauaji ya zamani, tulimjibu nini? Kwa heshima zote, kwamba hatuwezi kusamehe kwa niaba ya waliouawa, ila mbele tutakwenda naye. Hatukujipendekeza, wala hatukununa. Hapo ndipo ninapolipenda kanisa letu!

— Basi na mimi waliouawa hawajaniambia niingie.

— Wamekuambia usiingie?

Levi akakoroga kahawa ambayo hakuwa ameitia sukari.

— Mwalimu unatuzungusha tu, akasema Breki. Siri yote ni boila, ule mtambo wa kupasha kanisa joto! Ya kwetu ilikufa, mchungaji wenu Mama Erika akamkaribisha Padri Fiorenzo na sisi wote hekaluni, msimu mzima wa baridi. Mtu akishaota moto kwako, atakuitaje mzushi?

Povu, mwenye baa, akatoka na trei.

— Boila gani, wewe? Ni kwaya! Nyie Wakatoliki mlikuwa na sauti nyembamba tupu, mnalia kama birika. Wanaume wa besi wote Wavaldo. Sisi wanawake ndio tuliowaunganisha, nyie mko hapa mnakunywa.

— Bado hamjaona kitu, akasema Sinodi. Miaka ishirini ijayo, Papa atatoka bonde hili.

— Atakuwa Mama Erika! akadakia Breki.

— Na Roma yote ihamie hapa, akasema Povu. Nitapanua baa.

Hata Levi alicheka. Halafu uso ukambadilika.

— Chekeni tu. Mama yangu alipokufa, Wakatoliki wa kijiji kizima walisimama nje ya hekalu letu, theluji magotini. Hakuna aliyeingia. Baba yako alikuwepo, Breki. Nami nikawa nawarudishia heshima ile ile. Rafiki yangu Battista, Mkatoliki, tumechunga pamoja tangu utoto, naye nilimzika nikiwa nje. Nikiingia Jumamosi nitamwambia nini? Kwamba kumbe siku zote ningeweza?

Basi la saa nne likasimama, akashuka bibi mmoja mnene na sanduku lake, amevaa nguo nyeusi za ujane. Alikuwa Filomena, bibi yake bwana harusi, amesafiri kutoka Kalabria, kusini kabisa mwa nchi. Povu alimpa kiti na kahawa, akamweleza yote huku Levi akiwa pale pale ameinamisha kichwa.

Bibi akamgeukia.

— Samahani, mzee mwenzangu. Nani alikukataza kuingia?

Sinodi akafungua mdomo.

— Kuna ile sheria ya... hapana. Hiyo ni ya Wakatoliki, si yetu.

— Padri wetu wa zamani, akasema Breki. Lakini yeye alitukataza sisi tusiingie kwenu. Ndiyo maana baba yangu alibaki kwenye theluji.

Nami nikatafuta kichwani, nikarudi nyuma mpaka kwa babu yangu. Sikupata mtu aliyetukataza.

Levi akaweka kikombe chini, akauliza kwa sauti ndogo.

— Na babu wa bibi harusi, akishafika kule mbele, anakaa upande gani?

Sote tukamwangalia Breki.

— Mnaniangalia nini? Mimi huwa nabaki nje na wavuta sigara.

— Basi twende tukaone, akasema Filomena, akamshika Levi mkono.

Wakavuka barabara polepole, wazee wawili. Mlango ulikuwa wazi, kama unavyokuwa kila siku. Levi hakusimama kizingitini, akaingia. Nililia, na sioni haya kusema.