Ruthi Abrahamu Mgaya Hakuwa Mama Sikitu

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu zetu Waislamu wa Mabawa, na ninyi nyote mlioketi chini ya turubai hili, mimi naitwa Nehemia Abrahamu Mgaya, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na ukoo umenituma niwasomee maisha yake. Kabla sijaanza nawaomba vijana wa televisheni waliosimama pale karibu na jeneza wazime kamera, kwa sababu hapa hakuna anayeigiza, na aliyelala humo ndani hataamka muongozaji akisema basi, inatosha. Mchungaji ameniomba nisome kwa upole, nami nimemwahidi kwamba nitasoma kwa ukweli, upole tutaona njiani.

Dada yetu Ruthi alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958, katika kambi ya wakata mkonge wilayani Muheza, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu wa mzee Abrahamu Mgaya, Mbena aliyeletwa huku kwa lori la manamba kutoka Njombe, na mama yetu Yunisi, Mbondei wa hukuhuku, ambaye kwao walimsusa miaka mingi kwa kosa la kuolewa na mtu wa kambini. Mimi nilifuata mwaka 1961, na baada yangu akaja Elia, aliyezaliwa mwaka 1963 na kufariki Machi 1965, wakati wakata mkonge walipogoma na wenye shamba wakafunga ghala la posho ili njaa iwarudishe kazini. Elia alikufa akiwa amebebwa na dada, mama akiwa ametoka kuomba unga nyumba za jirani, na dada alikuwa hajatimiza hata miaka saba. Naomba mlishike hilo la Elia, nitalirudia.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1966 katika shule ya hapohapo shambani, akamaliza darasa la saba mwaka 1972, akafaulu vizuri, ila nafasi za sekondari siku zile zilikuwa chache na zina wenyewe, akabaki nyumbani akimsaidia mama, mpaka mwaka 1975 alipopelekwa na kanisa kwenye chuo cha maarifa ya nyumbani huko Lushoto, akasoma upishi na ushonaji kwa miaka miwili. Ushonaji haukumkaa, yeye mwenyewe alikuwa akisema sindano ilikuwa inamwonea, lakini kwenye jiko alikuwa mtu mwingine kabisa, tangu alipokuwa akisimama juu ya debe pale kambini ili aifikie sufuria ya ugali.

Januari 1979 aliajiriwa kuwa mpishi wa shule ya bweni hapa Tanga mjini, akaifanya kazi hiyo mpaka alipostaafu tarehe 14 Aprili 2018, na wapo hapa watu wazima wenye vitambi ambao maharage yao ya kwanza ya shule waliyala mkononi mwake. Tarehe 19 Desemba 1981 alifunga ndoa hapa Chumbageni na marehemu Castory Haule, fundi wa reli, mume mpole aliyetutangulia tarehe 2 Februari 2009, na Mungu akawajalia watoto wawili, Leticia aliyezaliwa mwaka 1983, na Innocent aliyezaliwa mwaka 1987, ambaye ni seremala, pamoja na wajukuu watano, mkubwa wao akiwa Queen.

Walihamia Mabawa mwaka 1990, na tangu mwaka huo hakuna shughuli iliyopikwa mtaa ule bila yeye, iwe harusi, iwe kipaimara, iwe matanga, ya Wakristo kwa Waislamu, utaratibu ulikuwa mmoja tu, mzee Idarusi achinje, Ruthi asimamie sufuria. Alikuwa na mwiko wake mwenyewe, mrefu, wa mti wa mninga, aliochongewa na marehemu mumewe, akitembea nao begani kama jembe, na watoto wakiuona tu unapita walikuwa wanajua leo pilau iko wapi. Hakuwahi kungoja aitwe mara mbili, na siku mkizika alikuwa wa mwisho kuondoka, akisugua masufuria yenu wakati ninyi mmeshalala.

Sasa naingia mahali ambapo baadhi yenu mtainamisha vichwa, na inameni tu.

Machi 2022 walikuja watu wa televisheni kutoka Dar es Salaam, wakitafuta wazee wa kuigiza katika tamthilia ya kifamilia iitwayo Kambi Namba Tatu, inayohusu maisha ya familia moja katika kambi ya mkonge ya zamani, wakaenda kuipigia picha kwenye shamba lililoachwa, upande wa Pangani. Innocent alimpeleka mama yake kwa utani, wakamsikiliza, wakampa nafasi ya Mama Sikitu, mke wa kiongozi wa mgomo, naye akakubali kwa sababu moja, alitaka wajukuu wake wakione chumba tulichokulia, wamjue Elia, maana picha ya Elia hatuna. Na yule Mama Sikitu, wote mnamjua, ndiye aliyekwenda kwa msimamizi wa shamba akasema wagomaji wamejificha wapi, akapewa gunia la unga, na mume wake mwenyewe akachukuliwa amefungwa kamba.

Jambo msilolijua ni hili. Siku waliyopiga picha ya ule usaliti nilikuwepo, nilimpeleka mwenyewe, na kabla ya Mama Sikitu kwenda kwa msimamizi kilikuwepo kipande kirefu, mtoto wake anakata roho kwa njaa mapajani mwake, ghala la posho limefungwa, na dada akamwimbia yule mtoto wimbo wa Kibondei ambao mama yetu alikuwa akimwimbia Elia. Hakuna aliyemwandikia wimbo ule, aliutoa mwenyewe, na wapiga picha wakalia, nami nikaondoka pale nikaenda kusimama kwenye mikonge mpaka nilipopata nguvu za kurudi. Kipande hicho kilikatwa. Walisema kinaifanya tamthilia iende polepole. Elia wetu alikufa mara ya pili, kwa mkasi wa mtu aliyekaa ofisini, na ninyi mkaonyeshwa mwanamke anayeuza mume wake kwa gunia la unga, basi, bila mtoto, bila njaa.

Kipindi hicho kilirushwa Ijumaa tarehe 9 Juni 2023, na Jumamosi yake ilikuwa harusi ya binti wa Bi Zuwena, kiongozi wa akina mama wapishi wa mtaa wetu. Dada alifika alfajiri na mwiko wake begani kama siku zote, akaukuta moto umeshawashwa na mtu mwingine amesimama penye sufuria, na Bi Zuwena akamwambia, Da Ruthi, leo kaa na wageni, mwiko huo uache, watu hawataki kula mkono wa msaliti. Dada akacheka, akadhani ni utani wa harusini, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akasema, Zuwena, mimi ni Ruthi, yule ni wa kwenye televisheni. Akajibiwa, mtu haigizi lisilokuwamo moyoni mwake.

Maneno hayo aliyabeba miaka miwili na zaidi. Sokoni muuza dagaa alimgeuzia mgongo, watoto walimfuata nyuma wakiuliza, Mama Sikitu, leo unamuuza nani, na humu kanisani, nasema humu humu, wapo waliohama benchi. Mtu aliyewalisha miaka thelathini na mitatu, aliyesugua masufuria ya misiba yenu, mkamhukumu kwa kipindi kimoja cha runinga, na mwanamume mzima, mwenye akili zake, alithubutu kuniambia hata mimi nijihadhari naye. Asante ya punda ni mateke, wahenga walisema, ila naona walimwonea punda. Alipomwendea muongozaji kumwomba kile kipande cha mtoto kirushwe, kijana yule alimjibu, mama, wakikuchukia ujue umefaulu. Akafaulu kweli. Akautundika mwiko ukutani jikoni, na hatukumsikia tena akiimba.

Septemba 2024 dada alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akapelekwa hospitali, ikaonekana moyo umepanuka, akawa mtu wa kulazwa na kutoka, na katika muda wote huo mlango wake ulibishwa na watu wachache mno. Alifariki Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, Leticia akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Tulipotoa taarifa ya msiba mtaani, wapo waliouliza kama ni kweli au ni ya kwenye tamthilia. Jioni yake televisheni ikatangaza kwamba Mama Sikitu amefariki, na kesho yake turubai halikutosha. Mmekuja kutoka Pangani, mmekuja kutoka Muheza, mmeshika simu juu mnapiga picha, na tangu juzi nawasikia mnalia, Mama Sikitu wetu, Mama Sikitu wetu. Mimi nawauliza, Ruthi analiliwa na nani? Wakati Ruthi anahema kwa shida kule ndani, mlikuwa wapi na hayo machozi?

Na kampuni nayo, kwa kuwa amefariki kabla tamthilia haijaisha, imetuletea msalaba mzuri, umepakwa rangi, umeandikwa Mama Sikitu, wakituomba tuusimamishe kaburini ili wapate picha ya kufungia hadithi yao. Ukoo umekaa, umejibu hapana. Msalaba huo tumeuegemeza kwenye gari lao, wanajua pa kuupeleka. Innocent amemchongea mama yake msalaba mwingine, wa mninga, wenye jina lake lote na tarehe zake mbili, na chini yake ameandika dada wa Elia, ili angalau mahali pamoja duniani mtoto yule awe ameandikwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumwita jina lisilo lake, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani wa shule, inamshukuru mchungaji, inamshukuru mzee Idarusi, aliyekataa kuchinja kwenye shughuli yoyote ambayo Ruthi amezuiwa kupika, na kwa namna ya pekee inamshukuru jirani yake Bi Sabra, aliyemletea uji kila asubuhi mpaka asubuhi ya mwisho, alisemwa sana mtaani kwa uji huo na hakujali. Majirani wengine nao tunawashukuru kwa kuja, kuja ni kuja.

Nimalizie na akina mama mlioko jikoni. Leo alfajiri nimewasikia mkiuliza mwiko mkubwa wa marehemu uko wapi, kwamba sufuria ni kubwa na miiko ya kuazima ni mifupi. Bi Zuwena, msiutafute tena. Leticia ameuweka ndani ya jeneza, mkono wa kulia wa mama yake. Pikeni na hiyo mifupi.

Ruthi Abrahamu Mgaya, binti wa Abrahamu na Yunisi, mke wa Castory, mama wa Leticia na Innocent, dada yangu, nenda kapumzike, na amani uliyonyimwa na watu uliowalisha ikupokee huko. Elia amekungoja muda mrefu, msalimie.