Bi Rudia, Mkaguzi wa Nyumba ya Mwenye Timazi

Ndugu waombolezaji, waumini wenzetu, na majirani mliovumilia mengi. Tunayemzika leo mnamfahamu kwa jina la Bi Rudia. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na mafundi, kwa sababu kila walipompelekea kazi aliwajibu neno moja tu, "Rudia." Wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa kiume kwa niaba ya familia.

Marehemu alizaliwa tarehe kumi na mbili, mwezi wa tatu, mwaka wa arobaini na moja tangu hekalu letu liwekwe msingi, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yetu, mtengeneza bawaba. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Mkunga alikuwa amemtazamia mapema zaidi, na mama yetu alizoea kusema kwamba hiyo ndiyo mara pekee binti yake alipochelewa mahali. Wadogo zake tulilala naye chumba kimoja. Shuka zilinyooshwa kabla ya kulala, na aliyejigeuza akaikunja yake aliamshwa ainyooshe.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya hekalu, kisha shule ya ufundi, akahitimu mwaka wa hamsini na tisa. Akiwa darasa la tano alikataa kunakili somo kwa sababu ubao ulikuwa umeinamia upande wa dirisha. Mwalimu alimwita baba akamwambia, "Mzee, binti yako ana akili sana. Naomba akae nazo nyumbani wiki hii, na sisi tupumue." Baba alichukua nyundo akaenda kuutazama huo ubao. Ulikuwa umeinama kweli. Hilo ndilo lililotuchosha maisha yetu yote: karibu kila mara, haki ilikuwa upande wake.

Alifanya kazi ya useremala hadi mwaka wa sabini na tano, alipoteuliwa kuwa Mkaguzi. Kwa wageni mlio nasi, Mwenye Timazi ndiye aliyeteremsha uzi wenye jiwe katikati ya vurugu ya mwanzo, na kila kitu kikajua kusimama wima ni kupi. Kwa hiyo kwetu sisi sheria na ufundi ni mtu na pacha wake. Hakuna kinachotumika katika nyumba yake, kiwe kigoda au jeneza, mpaka Mkaguzi ashushe timazi, apitishe kiganja, na aseme, "Inafaa." Asiye na jeneza lililopita ukaguzi hazikwi. Mlango wa ubavuni mlioupita mkiingia, ule ulioegemezwa ukutani, umeegemea pale ukingoja "Inafaa" tangu marehemu aanze kazi. Watu husema haraka haraka haina baraka. Kwake hata polepole haikuwa nayo. Mzee wa Baraza la hekalu alimsihi ateue msaidizi. Aliletewa vijana wazuri, akawakagua, akawarudisha wote makwao.

Alifunga ndoa mwezi wa sita, mwaka wa sitini na sita, na shemeji yetu, mshona viatu. Shemeji alikuja karakanani kuchukua kiti alichokuwa ameagiza. Siku ya pili alirudi kusema kwamba mguu mmoja unacheza. Marehemu alimsomea kanuni ya kwanza ya Mwenye Timazi: aliyekalia amepokea.

"Lakini nilikuwa nakijaribu tu, dada."

"Kujaribu ni kwa mkono. Wewe umeshaweka mwili mzima."

Hata hivyo alikwenda kukitazama. Kiti hakikuwa na neno. Sakafu ndiyo iliyokuwa na bonde. Shemeji akasema, "Basi usiondoke, nyoosha na sakafu." Ndivyo walivyooana.

Kanuni hiyo aliitumia bila kupepesa. Mzee wa Baraza mwenyewe alipolala mara moja kwenye kitanda kipya, kisha akataka kumrudishia fundi, marehemu alimwambia, "Umelala, mzee. Umepokea." Mgongo unamsumbua mzee wetu hadi leo.

Walijaliwa binti mmoja, ambaye naye ni fundi seremala. Tangu aanze kushika randa, binti huyo hakuwahi kusikia "Inafaa" kutoka kwa mama yake. Shemeji alipofariki mwaka wa mia na nne, jeneza alilitengeneza binti, na marehemu alilirudisha huku waombolezaji wamesimama juani. Mwishowe alilimalizia kwa mkono wake mwenyewe. Siku moja binti alimwuliza kwa nini asimsifu hata kidogo. Marehemu alijibu, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

"Mama, mimi sigemi. Mimi ni seremala."

"Ndiyo maana nasema rudia."

Mwaka jana kifua kilianza kumbana, na daktari akasema ni vumbi la mbao. Hospitalini hakukaa sana. Alifungua skrubu za kitanda chake ili akisawazishe, na muuguzi akatuomba tumchukue. Nyumbani aliagiza jeneza lake lianze kutengenezwa, ili alikague mwenyewe akiwa na pumzi. Binti alifanya kazi chumba cha pili, mlango wazi, na kila ubao ulipitishwa kitandani. Rudia. Rudia pembe. Rudia msasa. Binti alifika mahali akasema, "Mama, unataka kuzikwa au unataka kuishi?" Marehemu alisema anataka pembe ikae sawa.

Tarehe sita ya mwezi huu wa nane, mwaka wa mia na kumi na mbili, alasiri, aliomba alazwe ndani apime urefu.

"Si tupime kwa futi, Mama?"

"Futi haina mabega."

Tulimlaza. Alipitisha kiganja ubavu wa kushoto, akapitisha wa kulia, taratibu, mpaka miguuni alipoweza kufika. Kisha akasema, "Mfuniko rudia."

"Na sanduku?" binti aliuliza.

Marehemu alifumba macho. Binti alirudi kwenye mfuniko akidhani amenuniwa, na alipogeuka tena, mama yake alikuwa ameshatuacha.

Mzee wa Baraza alikuja kutupa pole, na papo hapo akatukumbusha shida. Mkaguzi hakusema "Inafaa", na hakuna Mkaguzi mwingine wa kulisema. Tutamzika vipi? Binti ndiye aliyeuliza, randa ikiwa bado mkononi, "Mzee, kile kitanda chako, ulikirudisha?"

Mzee alishika kiuno. Alimtazama marehemu alivyolala, akatutazama sisi, kisha akasema, "Amepokea."

Kama marehemu alisahau kanuni yake mwenyewe, basi ilikuwa mara ya kwanza. Familia haiamini kwamba alisahau.

Kuhusu kuchelewa kwetu leo, mtusamehe. Binti alikuwa anaurudia mfuniko, ingawa hapakuwa na wa kuukagua.

Marehemu ameacha binti mmoja, wajukuu wawili wanaonyoosha shuka bila kuambiwa, wadogo zake watatu, na mlango mmoja.

Apumzike mahali palipo sawa. Pasipokuwa sawa, wenyeji wa huko watamsikia.