Fensi Aliyoisogeza Mwalimu Wachuka

Niaje, Mjumbe wa Chai, mwenzangu wa hapa kazini,

Ijumaa tarehe 31 Oktoba, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, Mwalimu Wachuka Kihara anatoka kwa geti yetu ya Kiamunyi akiwa mstaafu. Kamati ya jarida la wafanyakazi imeniambia niandike kitu kifupi, cha furaha, bila fujo. Nitajaribu. Lakini huyu mama ametuchosha miaka yote hiyo, na sasa anatuchosha zaidi kwa kuondoka wakati mbaya kabisa, kwa hivyo nitaandika tu vile mambo iko.

Alirudi Nakuru akiwa na digrii ya sheria ya kimataifa. Hebu fikiria. Watu wa kwao Njoro walikuwa wanangoja wakili wa kesi za mashamba, mtu wa maana, na msichana anateremka na mikoba yake akijua mikataba ya bahari kuu. Mjomba wake alimwuliza kama atashtaki samaki wa Naivasha. Aliyemchukua ni hiki kituo chetu, enzi hizo kikiwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya kanisa, kikifundisha majirani kupatana baada ya kuchomeana nyumba. Yeye ndiye alileta somo la sheria za vita na kulinda amani. Leo polisi, wanajeshi na raia wanaotumwa misheni za nje wanapita kwa darasa yake kwanza, na wengi wao wanatoka wakiwa wamekasirika.

Wanakasirika kwa sababu ya viti. Unajua zoezi lake la Baraza la Usalama. Watu watano wanapewa viti vya kuegemea mikono, wengine wote wanakaa benchi. Swali ni moja tu: chakula kitoke jikoni kiletwe darasani, ama kisitoke? Darasa nzima inakubali kitoke, halafu mmoja wa wale watano anasema hapana, na imeisha hapo. Chakula kinapoa. Wangechi wa jikoni anakuja mlangoni na mwiko kuuliza kama amepikia ng'ombe. Kuna inspekta mmoja kutoka upande wa Molo alitoka nje akapiga ndoo teke, akasema hii sheria ya dunia ni upuzi, ni ya wakubwa. Mwalimu alimfuata pale nje akamwambia hasira yake ni nzuri, aitunze, kwa sababu mtu hawezi kukasirishwa na kuvunjwa kwa sheria kama moyoni haamini iko.

Mimi hiyo jibu haijawahi kunishibisha. Kila jioni redio inasema mahakama ya huko Uholanzi imetoa amri, nchi fulani inasema imesikia, na kesho yake mabomu yanaendelea kama kawaida. Nilimwuliza mara ngapi, sheria bila askari ni sheria gani? Alikuwa anapunguza sauti ya redio, ananiangalia, anaongeza tena. Ukitaka kujua maana ya kuchoshwa, kaa ofisi moja na mtu wa hivyo.

Halafu kuna ile kanuni yake ya chai, ambayo sote tumeteseka nayo. Ukigombana na mtu hapa, hunywi chai mpaka ueleze kesi ya mwenzako, tena mpaka mwenzako mwenyewe akubali kwamba umemsema sawa. Si yako, yake. Ooko dereva alikosana na Wangechi juu ya sufuria aliyobebea maji ya gari. Alisimama pale kaunta akijaribu kueleza uchungu wa Wangechi, anakataliwa, anajaribu tena, chai inaisha moto, sisi tuko nyuma yake na vikombe. Alipomaliza kueleza vizuri, yeye ndiye alikuwa karibu kulia, na Wangechi alikuwa amesahau sufuria anacheka.

Hiyo kanuni ndiyo iliponza fensi yetu.

Wageni wasijue, lakini wewe unajua kile kipande cha ardhi kati yetu na kiwanda cha mbao cha Mzee Joginder. Hati za pande zote mbili hazielewani. Sisi tulikiwekea fensi, Mwalimu akapanda avokado zake, darasa ya nje ikawa inakaa kwa kivuli. Lakini malori ya magogo yalikuwa yanageukia hapo tangu zamani. Baada ya fensi yakawa yanarudi kinyumenyume kwa barabara ambayo watoto wa shule wanapita. Joginder alilalamika, Mkurugenzi wetu Bwana Odongo akajibu kwa ukali, vijana wa kiwanda na vijana wetu wakaanza kurushiana maneno. Mwalimu akasema kituo cha amani hakiwezi kupigana na jirani. Pande zote zikakubali kupeleka jambo kwa Dalmas, hakimu mstaafu, na mbele ya watu wote Odongo na Joginder wakashikana mikono kwamba atakachosema ndicho kitafuatwa.

Siku ya kusikizwa, Mwalimu ndiye alikuwa wakili wetu. Na unajua alianza na nini? Alianza na kesi ya Joginder. Kwa adabu zote, bila kupunguza kitu: malori, watoto, miaka ya kupita hapo bila mtu kusema. Joginder alitoa miwani, akaipangusa, akasema, "Mama, hata mimi sikujua niko na kesi nzuri hivi." Alipofika upande wetu, hata mimi nilikuwa nimeshahamia kwa kiwanda cha mbao. Dalmas akaamua fensi irudi nyuma, na avokado zikatwe ili malori yageuke.

Odongo aliwaka. Alisema uamuzi wa mzee mmoja chini ya hema si amri ya korti. "Nani atatulazimisha?" akauliza.

Mwalimu alikuwa ameshavaa gamubuti. "Hakuna," akasema. "Kungekuwa na wa kunilazimisha, haingekuwa ahadi."

Akachukua panga akakata avokado zake mwenyewe, zikiwa na matunda. Nilimsaidia kung'oa nguzo, na sikumwongelesha wiki nzima.

Halafu mwaka jana msumeno mpya wa Joginder ulianza kupiga kelele mpaka darasani hakusikiki kitu. Tukarudi kwa Dalmas, naye akaamua msumeno unyamaze asubuhi wakati wa masomo. Joginder angecheka tu, hakuna polisi angemfuata. Lakini tangu hiyo siku, kila asubuhi, umewahi kusikia msumeno? Mafundi wake walimwuliza kwa nini anajiumiza. Aliwaambia yule mama alikata miti yake.

Sasa sikia kilichoniharibia hii sherehe. Nguzo mpya zimefika, ziko pale nyuma ya stoo. Mkurugenzi anasema Jumatatu fensi inarudi mahali ilikuwa, tujenge ukumbi, kwa sababu yale makubaliano yalikuwa ya Wachuka na Wachuka ameenda. Ni kama serikali mpya kusema mkataba ulikuwa wa ile ya zamani, na hapa hata serikali ni ile ile, mkono uliomshika Joginder ulikuwa wake mwenyewe. Nilikimbia kwa Mwalimu nikiwa nimewaka, nikitaka aseme kitu. Akaniambia niende kwanza nikaeleze kesi ya Mkurugenzi.

Haya basi, naieleza hapa. Ukumbi tunauhitaji kweli. Mvua ikinyesha wanafunzi wanajazana kwa korido kama mbuzi. Hakuna kipande kingine tunachoweza kujengea, na malori ya Joginder yamepungua siku hizi. Bwana Odongo si mtu mbaya, anataka kituo kikue. Boss, najua unasoma hapa, nimekusema sawa? Kama ni sawa, basi naongeza yangu: rudi kwa Dalmas, rudi kwa Joginder, omba. Usichukue tu.

Mwalimu Wachuka, asante kwa ukaidi wako, asante kwa chai baridi, asante kwa kutukasirisha mpaka tukasoma. Huko Njoro tunakuombea afya, shamba lenye miti isiyogombaniwa na mtu, na redio yenye habari nzuri angalau mara moja kwa wiki.

Na wewe rafiki yangu, Jumatatu asubuhi fundi atakuja na kutuita sote tutoke tushike waya. Utafanya nini?