Shamba Alilopalilia Bi Zamda

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka Bi Zamda Mdoe, aliyefariki Alhamisi iliyopita nyumbani kwake Manundu, mjini Korogwe. Bi Zamda Mdoe. Alikuwa na miaka sabini na sita.

Alizaliwa Handeni. Uhuru ulipokuja alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na alipenda kusimulia kwamba siku ile alicheza ngoma mpaka akapoteza khanga ya mama yake, akachapwa huku bado anacheka. Mwaka 1968 akaolewa na Sadala Hiza, mkulima mwenzake. Sadala ni mpole, wasikilizaji. Mpole mno. Ugomvi ukipita njia hii, yeye hupita ile.

Upole huo ndio uliomponza. Mwaka 1974 watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa. Sadala alikwenda mkutanoni, akaambiwa kaya yake imo kwenye orodha, lori litakuja baada ya wiki mbili. Akarudi nyumbani. Akala. Hakusema kitu. Aliogopa mkewe atawaka.

Wiki mbili nzima Bi Zamda alipalilia mahindi. Anatoka asubuhi, anarudi mchana mikono imechubuka, na mumewe anamtazama tu. Lori lilipofika, mama wa watu alikuwa shambani na jembe mkononi. Aliambiwa na dereva. Narudia: aliambiwa na dereva, si na mumewe.

Hapo akafunga mdomo. Katika kijiji kipya, upande wa Segera, alipika, akafua, akateka maji, lakini kwa mumewe hakutoa neno. Akawa anaongea na kuku. Ndiyo, kuku. Binti yao, Bi Hajira, alikuwa na miaka minne, na anakumbuka vizuri: "Mama alikuwa anasema, 'We kuku, mwambie mwenye nyumba chakula kimeiva.' Baba naye anamjibu kuku, 'Mwambie nimeshiba.' Mimi nilidhani kila nyumba iko hivyo."

Majirani walicheka. Hata mimi nilipohadithiwa nilicheka. Lakini miezi saba ni mingi, jamani. Sadala akawa mgeni kwake mwenyewe, na asubuhi moja akafunga nguo zake kwenye shuka, aende Korogwe kutafuta kibarua kwenye mkonge. Hakusema atarudi lini. Bi Zamda akajua kwamba mumewe akitoka, ndoa imekwisha. Akasimama mlangoni, akamwambia yeye mwenyewe, uso kwa uso:

"Baba Hajira, kuhama si neno. Ungeniambia, ningefunga mizigo pamoja na wewe. Ila ulinitazama nikipalilia shamba ambalo ulijua tunaliacha. Hilo ndilo linaloniuma."

Sadala akatua mzigo. Hakwenda.

Tangu siku ile, baada ya chakula cha jioni, Bi Zamda alimuuliza mumewe kama ana neno moyoni, kisha naye akasema la kwake. Waligombana kuhusu mbuzi, kuhusu mahari ya Hajira, kuhusu mashemeji, na wakayamaliza kabla vyombo havijaoshwa. Baadaye walipohamia Manundu, wenye ndoa changa wa pale wakawa wanamwendea. Aliwaambia waache kununa, maana anayenuna anamtaka mwenzake abahatishe kosa lake mwenyewe, na mwenzake hawezi.

Jumapili nilikwenda kumpa pole Mzee Sadala. Nikamwamkia, nikakaa naye mkekani, nikamwomba anisimulie jinsi walivyopatana.

"Siku ile nilitua mzigo, nikaona yametosha," akasema. "Mama Hajira akawa ananiuliza kila siku kama nina neno. Nilikuwa nalo. Neno lenyewe ni 'Nisamehe.' Sikulisema. Nilidhani anajua."

Nikamuuliza kama kweli mkewe alijua.

"Sijui," akasema. "Ndiyo shida yenyewe."

Wasikilizaji wapendwa, nilimshika mkono, nikaaga. Mzee Sadala, Bi Hajira, wajukuu na ukoo wote, poleni sana. Mwenyezi Mungu amlaze Bi Zamda mahali pema.

Nawe unayenisikiliza, kama humo ndani kuna mtu unayedhani anajua, zima redio sasa hivi. Mwite, umwambie. Sisi huku hatutakasirika.