Kumuaga Mkaguzi Aliyeshindwa Kuikataa Pikipiki ya Ekai

Mheshimiwa Naibu Kamishna wa Kaunti, Mheshimiwa Diwani wetu, Mchungaji Jebet uliyetufungulia kwa maombi, wakuu wa idara mliokaa kivulini, wazee wa ukoo wa mume wangu mliotoka Kakuma na vigoda vyenu, wanabodaboda mliosimama juani kwa sababu viti vimeisha, na zaidi ya wote Mzee Njenga na mama wa nyumba yako, kwa salamu ya kwetu Turkana: ejok!

Mmeitikia vizuri, ejok-noi. Basi itifaki imezingatiwa, isipokuwa kwa mtu mmoja. Nawe uliyesimama pale getini, nakusalimu. Kiti ningekutafutia, ila najua hutaketi. Jamani, msigeuke, mtajiumiza shingo bure. Nitazameni mimi.

Kwa wasionijua, naitwa Akaale. Nina duka la mahindi na maharagwe pale Kakuma, na wateja wangu wengi wanatoka makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei. Gari sina, na pikipiki sijui kuendesha. Ndiyo maana iliposemwa kwamba mimi ndiye nizungumze kwa niaba ya wenye magari na pikipiki, wengine mlicheka. Chekeni tu. Lakini niulize: ni nani kati yenu amewahi kusimama kwenye ua huu, mwaka baada ya mwaka, akingoja jibu la Mzee Njenga kama nilivyolingoja mimi? Ninyi mlikuwa mnaomba chombo kipite ukaguzi. Mimi nilikuwa naomba kikataliwe.

Mzee Njenga alitujia kutoka Kenya, kama tunavyouita upande ule wa chini, akiwa amevaa kofia ya sufu, na kila aliyekutana naye stendi ya Lodwar alimwonea huruma. Tulidhani atakaa mpaka kofia ile imchemshe ubongo, kisha aombe uhamisho. Hakuomba. Alikaa, akakagua, na akatukatalia magari mpaka tukampa jina. Mkuu wa itifaki, niruhusu nilitaje mbele ya wageni: tulimwita Rudi Utengeneze. Ulimletea lori lenye breki ya kubahatisha, akakwambia rudi utengeneze. Ulimletea soda baridi ili aisahau breki, akakwambia rudi uinywe, halafu utengeneze. Lori la kiongozi mmoja, simtaji ingawa naona anatabasamu, lilirudishwa hapa mpaka dereva akawa anasalimiana na mbuzi wa jirani. Huyu ni mtu ambaye hakuwahi kupitisha kibovu. Lakini leo nimekuja kumsifu kwa jambo gumu zaidi, nalo ni kwamba hakuwahi kukataa kizima, hata mwanamke alipomlilia.

Mume wangu aliitwa Ekai. Wazee hawa wanajua kwamba kwetu kijana huwa na dume lake la ng'ombe la kuimbia, humkunja pembe, humfunga kengele shingoni, na watu humwita kijana kwa jina la dume lake. Ekai alikuwa naye dume huyo, kisha akamuuza akanunua pikipiki. Na haikuwa mpya. Ilikuwa modeli ile ya zamani yenye taa ya mviringo na tangi jekundu, ambayo hata wakati ule mafundi walikuwa wameacha kuiwekea vipuri. Nilimgombeza wiki nzima. Yeye akaukunja usukani wake kama pembe, akaufunga kengele ya yule dume, akaiita Loreng, yaani mwekundu, na akaagiza kila mtu amwite yeye Apaloreng, baba wa Loreng. Alikuwa akiiimbia asubuhi kabla ya kuiwasha. Mnacheka, na mimi nilicheka. Nilimpenda sana mtu yule.

Siku moja ya soko nilikuwa ng'ambo ya mto Tarach na magunia yangu. Mto ulikuwa mchanga mtupu, na Kakuma hakukuwa na wingu hata la kufunika jicho. Ekai akapiga simu akasema, "Usivuke na mzigo, nakuja kukubeba." Nikamwona akishuka kwenye mchanga, kengele inalia, amenipungia mkono. Mvua ilikuwa imenyesha mbali huko milimani, na maji yalikuja yote kwa pamoja. Niliendelea kuisikia kengele baada ya kutomwona tena. Ilikuwa inalia chini ya maji, taratibu, ikisogea upande wangu.

Tulimpata, tukamzika. Pikipiki ilipatikana imefukiwa na mchanga mpaka kwenye kiti, na ulimi wa kengele umeng'oka. Shemeji yangu Erupe, yule pale mwenye shati la kijani, akaiinua, akaipiga teke mara moja. Ikawaka. Mimi nilikuwepo, na sikufurahi.

Ndipo wazee wakakaa. Dume la mtu huchinjwa, halibaki likizunguka wakati mwenye dume ameondoka, hilo kila mmoja alilijua. Lakini utaichinjaje pikipiki? Wakabishana mpaka jioni, kisha wakatoa uamuzi ambao sidhani kuna watu wengine wangeutoa duniani. Wakasema: Erupe aitumie, na Akaale asiikalie. Siku serikali itakaposema chombo hiki si chombo tena, siku hiyo Loreng amekufa, na Apaloreng amekwenda, na mjane atavaa tena shanga alizozivua msibani. Wazee wangu, sikuwalaumu. Pikipiki yenyewe ilikuwa kuukuu. Mimi mwenyewe nilidhani nitakaa bila shanga mpaka ukaguzi wa kwanza tu.

Mwaka ule wa kwanza Erupe aliileta hapa Lodwar, nami nikaja kwa gari la abiria nikasimama penye ule ukuta. Mzee Njenga akaipima breki, taa, indiketa, mnyororo, tairi. Akaipanda akazunguka nayo uani. Akashuka akiwa na uso wa kushangaa, akasema, "Imepita. Hii ni kama imetoka dukani." Nikarudi Kakuma na shingo tupu.

Mwaka uliofuata, tairi la nyuma lilikuwa na kipara. Fundi wetu Dau alilipapasa Kakuma akasema, "Mama, hii haifiki Lodwar." Ilipofika Lodwar, tairi lilikuwa na meno. Dau hakulibadilisha, Erupe hakulibadilisha. Imepita. Na Erupe akaanza kuniambia mambo ambayo hakutaka kuniambia. Kwamba kengele isiyo na ulimi inalia akikaribia Tarach. Kwamba mama mmoja wa Kalobeyei, Spéciose, alishuka kwenye kiti cha nyuma, akaangalia mbele na nyuma, akauliza kwa Kiswahili chao cha Kongo, "Papa, ule mwingine yeye anashukia wapi?" Walikuwa wawili tu juu ya pikipiki ile. Tangu siku hiyo Erupe akakataa abiria. Anabeba mitungi ya maji na makaa, na hata hayo huyafunga akiwa hatazami nyuma.

Mchungaji, naona unainama. Najua haya si ya madhabahuni. Niombee baadaye, sasa niache nimalize.

Mwaka jana nilichoka. Nilimwambia Dau aitoe balbu ya taa kubwa, tena aitoe mbele ya macho yangu. Akaitoa, nikaifunga kwenye leso, pikipiki tukaipakia nyuma ya pikapu mpaka hapa. Mzee Njenga akabonyeza swichi. Taa ikawaka. Ilikuwa nyeupe sana kwa taa ya umri ule, na mchana wote huu wa Turkana haukuizima. Nikafungua leso nikamwonyesha balbu. Akachukua bisibisi, akaifungua taa ile ikiwa inawaka, tukatazama ndani sote wawili. Kulikuwa na mchanga wa mto. Ulikuwa umelowa.

Hapo ndipo nilipomlilia. Nilimwambia, mzee wangu, andika imekataliwa, neno moja tu, uniache niishi. Nimekuwa mjane wa serikali. Wenzangu wamefiwa baada yangu na wameshavaa shanga, mimi kila mwaka naletewa mume wangu hapa aangaliwe kama ni mzima, na kila mwaka naambiwa ni mzima! Mzee Njenga aliweka bisibisi chini. Akaniambia hivi, na ninayarudia jinsi alivyosema: "Mama Akaale, sheria inataka taa iwake. Haikusema iwashwe na nini. Nikiandika uongo, wewe utavaa shanga, lakini yeye hatakuwa ameondoka. Na wewe utajua."

Nilimchukia mwaka mzima. Nilisema yale maneno ambayo Mama Njenga hapaswi kuyasikia. Leo mbele yenu nasema: alikuwa sahihi, na nashukuru kwamba kuna mtumishi wa umma aliyekataa kunidanganya hata nilipotaka kudanganywa.

Sasa niwaambie kilichotokea asubuhi ya leo, maana wengi mlikuwa bado njiani.

Pikipiki ya mwisho kwenye kazi yote ya Mzee Njenga ilikuwa Loreng. Aliomba iwe hivyo. Akaikagua yote, ikapita yote. Akaipanda akazunguka. Kisha akasimama katikati ya ua, akaizima, akaniita. Akasema, "Kila mwaka nikiijaribu hii, usukani unavuta upande. Mwaka mmoja unavuta kulia, mwingine kushoto. Nilifikiri ni bushi za mbele, nikazipima, hazina kosa. Leo nimeangalia vizuri. Inavuta kwenda pale uliposimama wewe."

Akaendelea, kwa sauti yake ileile ya kazini, "Chombo hiki kimesajiliwa kubeba abiria. Erupe habebi tena abiria, na mimi sijawahi kukikagua kikiwa na abiria wake. Hilo ni kosa la ukaguzi, na sitastaafu nikiwa nimeliacha. Panda."

Nikawatazama wazee. Nikamtazama Erupe. Erupe akasema, "Panda, shemeji. Na wazee nitaongea mimi."

Nikapanda upande, miguu yote kushoto, jinsi nilivyokuwa napanda zamani. Mzee Njenga alikuwa mbele ameshika usukani. Hilo nalijua, kofia yake ya sufu ilikuwa mbele ya pua yangu. Lakini mgongo nilioegemea ulikuwa wa baridi na umelowa, na ulinuka mto. Kengele ikaanza. Mchungaji Jebet, wewe ulikuwa kwenye mlango wa ofisi, uliisikia. Tulitoka pale kwenye ukuta tukaenda polepole kuelekea getini, na Mzee Njenga ameniambia baadaye kwamba hakuiwasha wala kugusa klachi, iliwaka yenyewe, naye alikuwa ameshikilia tu asianguke. Njia ile ni fupi, mtu huitembea kabla hajamaliza salamu. Mimi niliona mchanga pande zote mbili. Niliona magunia yangu. Nikaona ng'ambo inasogea, na sikuogopa, nilikuwa nalia tu kwa sababu alikuja. Miaka yote alikuwa bado anakuja kunibeba.

Tulipofika getini pikipiki ikazima.

Mzee Njenga akaipiga teke. Kimya. Breki ikalegea mkononi mwake. Taa haikuwaka. Tairi la nyuma likatoa upepo tukilitazama, na lilikuwa na kipara cheupe cha zamani. Kutu ilijitokeza kwenye tangi jekundu mpaka ukaweza kulitoboa kwa kidole. Akashuka, akatoa kalamu, akaandika neno nililoliomba. Nikangoja aseme rudi utengeneze, kama anavyowaambia wote. Hakusema. Alivua ile kofia, ambayo hatujawahi kumwona ameivua, akaweka mkono kwenye tangi, akasema, "Pumzika, Loreng."

Waheshimiwa, hiyo ndiyo pikipiki mliyoipita mkiingia, ile mliyouliza kwa nini chuma chakavu kimeachwa mlangoni siku ya sherehe.

Mzee Njenga, wenzangu wamekununulia saa ya ukutani na blanketi, na utapewa baada ya chakula. Mimi sikuweza kufikiria zawadi ya kukutosha. Nimekuletea kengele. Haina ulimi, na tangu asubuhi haijalia tena. Itundike huko kwenu kwenye baridi. Ikinyamaza, jua tuko salama wote. Ikilia, nipigie.

Shanga zangu hizi hapa, Erupe alizibeba kwenye mfuko tangu Kakuma, kama anavyozibeba kila mwaka. Nazivaa sasa, mbele ya serikali iliyonikawiza na wazee walionifunga, na sioni aibu kulia. Nilidhani nitakuwa na furaha tupu. Sivyo. Kuanzia leo hakuna anayekuja kunibeba.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza, waheshimiwa, wageni, wazee, na ninyi mliosimama juani bila kunung'unika.

Na wewe uliyesimama getini na nguo zako zinatiririka maji, nakushukuru kuliko hawa wote. Nimevuka. Mizigo yangu iko huku. Nenda sasa, Apaloreng. Nenda.