Mzee Sosthenes Kalinga, Mume wa Paskalina

Tumsifu Yesu Kristo. Padre, Mwenyekiti wa Kijiji, Mama Paskalina, kaka Saulo na ukoo wote wa Kalinga mliotoka Nyololo, wazee wangu wa Makazi ya Kihangala, majirani na waombolezaji wote, kamwene. Naitwa Goodness Sanga, ni afisa ustawi wa jamii wa makazi haya, na kwa desturi historia ya marehemu husomwa na mtu wa familia, lakini jana jioni kaka Saulo aliniita pembeni akaniambia, "Dada Goodness, soma wewe, mimi mwanzo wa baba naujua na mwisho naujua, ya katikati siyajui." Mzee anapofariki hapa kwetu mara nyingi nasoma jina lake, mwaka aliopokelewa na siku aliyofariki, tunaimba, tunazika. Leo nitasoma zaidi ya hapo, naomba mnivumilie.

Marehemu Mzee Sosthenes Leonsi Kalinga alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji kilicho jirani na Nyololo, wilayani Mufindi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa Mzee Leonsi Kalinga na Mama Agata, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Kitambulisho chake cha mzee kinaonyesha tarehe 1 Januari, lakini tarehe hiyo tuliijaza sisi ofisini kwa sababu mfumo haupokei nafasi tupu, yeye mwenyewe alichojua ni kwamba alizaliwa wakati wa kupalilia ulezi, mvua zikiwa nyingi, na akabatizwa kabla ya mavuno.

Alipata elimu ya msingi katika shule ya misheni kuanzia mwaka 1957 hadi mwaka 1960, darasa la kwanza hadi la nne, na kwa kuwa nafasi za darasa la tano wakati ule zilikuwa za kuhesabu, hakuchaguliwa, akarudi nyumbani kuchunga ng'ombe wa baba yake mkubwa.

Mwaka 1966 aliingia mashamba ya chai ya Mufindi kama kibarua wa kuchuma, akapewa chumba kambini, na huko alifanya kazi kwa zaidi ya miaka thelathini, akichuma, akipogoa na baadaye akipima magunia ya majani mabichi, ila ajira yake ilibaki ya msimu, mwaka unaisha anaandikwa upya, na kibarua wa msimu hakuwa mwanachama wa mfuko wowote wa pensheni. Nalisema hili kwa sababu wengi mmeniuliza tangu juzi, huyu mzee mbona alifanya kazi miaka yote hiyo halafu akaletwa kwetu. Alifanya kazi. Hakuwa na pensheni. Hayo mawili kwake yalikaa pamoja.

Tarehe 14 Agosti 1971 alifunga ndoa na Yustina, binti wa kijiji cha jirani, wakajaliwa watoto watatu, wawili walifariki wakiwa wadogo, akabaki Saulo, aliyezaliwa mwaka 1973, ambaye tuko naye hapa. Mama Yustina alifariki mwaka 1994. Saulo alikuwa ameshaondoka na wapasua mbao kwenda upande wa Njombe, wakati huo simu za mkononi hatukuwa nazo, na mwaka 1998 Mzee Sosthenes alipomaliza msimu wake wa mwisho ilimbidi aache chumba cha kambi, maana chumba kilikwenda na kazi. Saulo aliporudi mwaka 2001 alimkuta mwanamke mwingine anapika mlangoni pa mama yake, na alipouliza aliambiwa, "Kalinga? Alipanda gari la Mbeya." Hakukuwa na zaidi.

Ni kweli alikuwa Mbeya, katika mtaa mmoja wa kata ya Soweto, akilinda duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Alawi, mfanyabiashara ambaye wazazi wake walitoka pwani, aliyempa chumba cha uani na kumhesabu kama mtu wa nyumbani, wakati wa Ramadhani akimwita kufuturu, na siku ya Krismasi akimpa ruhusa aende kanisani na kushinda huko. Mzee Alawi alifariki mwaka 2014, watoto wake wakauza kiwanja na kugawana urithi kama ilivyo haki yao, na wakati huo presha ya macho ilikuwa imeshamwondolea Mzee Sosthenes uwezo wa kuona, jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto. Mtendaji wa kata alimpeleka ustawi wa jamii, wakatafuta ndugu hawakuwapata, na tarehe 9 Juni 2015 alipokelewa hapa Kihangala akiwa na blanketi moja, redio na rozari.

Alipewa kitanda katika bweni la wanaume. Siku za mwanzo hakusema na mtu. Kazi aliyoiomba ni kuchambua maharage jikoni, akisema macho yamekwenda lakini vidole bado vipo, na kwenye ungo huohuo alikuwa anakaa Mama Paskalina Mgaya, mjane asiye na mtoto, aliyeletwa kwetu mwaka 2012 baada ya nyumba yake kuanguka kwa mvua. Neno la kwanza nililosikia kati yao ni la Mama Paskalina, "Wewe mzee, mbona mawe yote unaniachia mimi?" naye akajibu, "Nakuachia ili usiondoke." Wapishi walicheka. Tangu siku hiyo, asubuhi mpaka jioni, ulipokuwa ungo ndipo walipokuwa wao, na jioni kila mmoja alikwenda bweni lake.

Sasa nakuja kwenye mwisho, ule ambao kaka Saulo anaujua.

Mwongozo wetu wa kazi unasema makazi haya ni kimbilio la mwisho, ni ya mzee asiye na ndugu wala uwezo, na kwamba afisa aendelee kutafuta ndugu wa kila mzee ili wakipatikana aunganishwe nao. Niliendelea kutafuta. Mwanzoni mwa mwaka 2021 mtendaji wa kijiji huko Nyololo alinipigia, akasema yupo fundi mbao anaitwa Saulo Kalinga, na tarehe 13 Machi kaka Saulo alifika hapa akiwa na mke wake, Frida. Mzee alikuwa kwenye ungo. Aliposikia, "Baba, mimi Saulo," hakuinuka, aliuliza, "Saulo wa nani?" na Saulo akataja jina la mama yake, na ya wadogo zake wawili, majina ambayo hapa hakuna aliyewahi kuyasikia. Ndipo mzee akanyoosha mikono, akamshika uso, akamshika masikio, akasema, "Umezeeka, mwanangu."

Wazee wote hapa huwa wanaisubiri siku ya namna hiyo. Tulimpigia vigelegele. Tarehe 2 Aprili nilimkabidhi kwa mwanawe kwa sahihi, nikafunga faili lake, na alipokuwa amekwisha kaa kwenye gari aliteremsha kioo akauliza, "Na Paskalina?" Nilimjibu kama ilivyokuwa, kwamba Mama Paskalina ana faili lake. Gari likaondoka. Mama Paskalina alikuwa jikoni, alichambua maharage ya siku ile peke yake, na ya siku zilizofuata.

Nataka niseme mbele ya ukoo, kwa sababu yeye mwenyewe aliniagiza niseme siku nikipata nafasi, kwamba kwa Saulo na Frida hakukosa kitu. Alipewa chumba cha mbele, wajukuu wakahamia sebuleni, alioga maji ya moto, alikula ugali na nyama, alipelekwa misa kila Jumapili akishikwa mkono. Ila alikuwa haongei. Frida aliniambia kwamba alikuwa anakaa barazani akigeuzia uso barabara kuu, basi likipita anauliza, "Hilo linakwenda Iringa au linatoka?" maana Iringa ndiyo njia ya kuja huku kwetu. Mwezi Novemba alimwita Saulo akamwambia, "Mwanangu, hapa sikosi kitu. Nirudishe." Saulo alikasirika, na hilo ameniruhusu nilisome, alimwambia, "Baba, watu watasema nimekutupa mara ya pili," na mzee akamjibu, "Mara ya kwanza hukunitupa, na hii ya pili naomba mwenyewe. Mimi nina mtu kule."

Walifika Jumatatu tarehe 22 Novemba 2021. Kitanda chake kilikuwa kimeshapewa mzee mwingine. Niliwakaribisha ofisini, nikawaeleza mwongozo unavyosema, kwamba mzee mwenye mtoto anayejiweza, ambaye ameshaunganishwa na familia, hana sifa ya kupokelewa. Saulo alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee akasema, "Basi niandike mgeni wa Paskalina." Nikamwambia hakuna mgeni wa kulala. Ndipo Mama Paskalina, ambaye hakuna aliyemwita, akasukuma mlango, mikono ina vumbi la maharage, akasema, "Niandike mimi mke wake, halafu mniambie mtatuweka wapi."

Mwongozo ulikuwa na bweni la wanaume na bweni la wanawake. Nilimtazama Saulo nikidhani atakataa, maana kwa mila mtoto mkubwa ana neno lake katika jambo kama hili, lakini akamwuliza, "Mama, una hakika? Haoni huyu." Mama Paskalina akasema, "Mimi ndiye ninayeona."

Nilipeleka maombi ngazi za juu, na wakati tukisubiri, katekista wetu Sedekia alimpokea mzee nyumbani kwake, hatua chache kutoka lango letu. Februari jibu lilirudi, kwamba sera haitenganishi wanandoa, kwa hiyo wakifunga ndoa halali, mume atapokelewa kwa haki ya mkewe, mradi mahali pa kulala pawepo bila gharama mpya. Palikuwepo stoo ya zamani ya kuni. Wazee waliobakiwa na nguvu waliifagia na kuipiga lipu, vijana wa parokia wakaweka dirisha, na kaka Saulo alikuja kutoka Nyololo na mbao za paini, akakaa kwetu siku mbili akatengeneza kitanda cha watu wawili, alipomaliza alikitikisa akaona hakichezi, akaondoka. Tarehe 30 Aprili 2022, Padre aliyeko hapa aliwafungisha ndoa katika kanisa letu dogo, bwana harusi akiwa na miaka sabini na minne, bibi harusi sabini na mmoja, Saulo akiwa msimamizi wa baba yake.

Waliishi humo miaka mitatu na kidogo. Hapakutokea jambo kubwa. Walipanda mbogamboga mbele ya mlango, waligombana kuhusu redio, yeye akitaka taarifa ya habari na mama akitaka kwaya, walilala mapema. Saulo na Frida walikuja kila baada ya mavuno na wajukuu. Katika ndoa hii hawakupata mtoto wa kuzaa, lakini Frida alianza kumwita Mama Paskalina mama mkwe, na hakuna aliyemwambia aanze.

Afya yake ilianza kubadilika mwezi Aprili mwaka huu wa 2025, miguu ikivimba na pumzi ikiwa fupi, na tarehe 3 Mei alipelekwa Hospitali ya Tosamaganga, madaktari wakaeleza kuwa moyo umetanuka, akapewa dawa, akaruhusiwa, akarudi, akaruhusiwa tena. Alilazwa kwa mara ya mwisho tarehe 11 Julai. Wodini muuguzi alimwuliza Mama Paskalina, kama wanavyouliza wote, "Bibi, wewe ni nani wa mgonjwa?" akasema, "Mke," akapewa kiti. Alikaa kwenye kiti hicho mpaka alfajiri ya Alhamisi tarehe 17 Julai, Mzee Sosthenes alipofariki, bila kelele, mkono wake ukiwa ndani ya shuka mkononi mwa mkewe. Alipewa Sakramenti ya Wagonjwa siku moja kabla.

Juzi ukoo ulipofika uliomba azikwe Nyololo, kwenye makaburi ya baba zake, na ombi hilo lilikuwa la heshima na la haki. Kaka Saulo ndiye aliyesimama akasema kwamba baba yake alimwagiza Pasaka iliyopita, kwa maneno haya, "Unizike mahali ambapo Paskalina atafika kwa miguu." Mzee Aroni Kalinga, mdogo wa marehemu, aliuliza makaburi ya hapa yako wapi, akaonyeshwa yale pale nyuma ya shamba la mahindi, akatembea mwenyewe mpaka pale na kurudi, akasema, "Basi. Ni karibu kweli."

Marehemu ameacha mjane, mtoto mmoja, wajukuu wanne na mdogo wake mmoja.

Kwa niaba ya familia, nawashukuru madaktari na wauguzi wa Tosamaganga, katekista Sedekia na mke wake, Padre, uongozi wa kijiji, majirani mlioleta mahindi na kuni, akina mama waliopika tangu Alhamisi, watumishi wenzangu wa Kihangala, na wazee wote mliokesha kwenye baridi hii bila kukubali kwenda kulala. Hatuwezi kumtaja kila mtu, mtuwie radhi.

Nina tangazo moja. Leo asubuhi, mbele yetu, kaka Saulo alimwambia Mama Paskalina, "Mama, chumba cha mbele kipo, twende nyumbani," na Mama Paskalina akamshukuru, akasema atakwenda kuwatembelea baada ya arobaini, ila kukaa atakaa hapa. Nyumba waliyokuwa wakiishi ni ya wanandoa, kwa hiyo baada ya arobaini atarudi bweni la wanawake. Ameshaniambia nisihangaike kulitafutia jambo hilo maneno, analijua.

Nilimwuliza kama ana neno la mwisho nimsomee hapa. Amesema hapana, la kwake atakwenda kumwambia mwenyewe, kesho, akishamaliza kazi za jikoni.

Mzee wetu Sosthenes Kalinga, sisi tunaishia hapa, Mungu akupokee, upumzike kwa amani. Amina.