Mzee Mvua na Mchanga Mkavu

Marehemu, ambaye wengi mlimfahamu kwa jina la Mzee Mvua, alizaliwa tarehe 9 Juni 1966, kitinda mimba wa fundi matofali na mkewe, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya tanuri. Aliyembeba mgongoni ni dada yake, anayewasomea wasifu huu. Wazee wa familia wamemwomba asome kwa upole. Atajaribu.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya barabara, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1991 akahitimu uhandisi wa ujenzi chuo kikuu. Utotoni alijenga mabwawa ya matope uani na kuyajaza maji ili aone yatabomokea wapi. Mama alimchapa kwa uchafu huo. Yeye akahamia upande wa pili wa nyumba, akaendelea.

Mwaka 1994 aliajiriwa katika maabara ya udongo. Humo mna sentrifuji, mashine yenye mkono mrefu wa chuma unaozungusha kasha la udongo kwa kasi, mpaka kilima cha mfano, yaani modeli, cha kimo cha goti kielemewe na uzito kama kilima chenyewe kule nje. Kikibomoka ndani ya kasha, hafukiwi mtu. Tuta la barabara ya hospitali, mnalopita kila siku, limesimama kwa sababu modeli yake ilibomoka mbele ya macho yake, nalo likachorwa upya.

Modeli hizo aliziunda kwa kumimina mchanga kupitia chujio, taratibu, kutoka kimo kilekile, ukishuka kama manyunyu. Ndiyo asili ya jina lake. Mchanga ulipaswa kuwa mkavu kabisa; ukipata unyevu unagandamana, na modeli inaharibika. Mchanga mkavu hutoa vumbi, na vumbi lile huua mapafu. Kila mhandisi pale alilijua hilo.

Tarehe 3 Agosti 1997 alimwoa mwalimu wa hesabu. Bibi huyu ndiye aliyekung'uta mashati yake uani kila jioni, uani kukawa kweupe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Aliomba feni ya kunyonya vumbi. Mkuu wa maabara, ambaye leo ameketi safu ya mbele, alimjibu mbele ya wenzake: "Wewe nawe! Mchanga tu huo. Jifunge kitambaa puani, kazi iendelee." Wakaguzi walipotarajiwa, feni iliazimwa. Walipoondoka, ikarudishwa kwa mwenyewe.

Kikohozi kilianza mwaka 2016. Daktari alipoiona picha ya kifua alimuuliza kama alikuwa mchimba mawe. "Hapana, daktari," akasema, "mimi nazuia vilima visianguke." Alifariki nyumbani tarehe 21 Februari mwaka huu, akiwa ameketi, kwa kuwa akilala alibanwa na pumzi.

Familia ilitaka iandikwe "maradhi ya muda mrefu". Dada yake amekataa. Ni vumbi. Wengine wamesema ni mapenzi ya Mungu; Mungu hakuombwa feni. Wenzake wawili wamekuwa wakikohoa tangu ibada ianze, na kesho watarudi kumimina.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja na dada mwenye hasira.

Dada huyo ana ombi. Udongo wa hapa ni mkavu, na ndoo za maji ziko kando ya kaburi. Ulowesheni kwanza, ndipo mumfukie. Leo hakuna modeli ya kuharibika. Ndoo ya kwanza aimwage mkuu wa maabara.

Kisha mwacheni ndugu yetu apumzike kwa amani.